Pikapu ya Baba Mdogo

Baba yangu mdogo, hapa Tukuyu, ana pikapu kuukuu ya kupelekea ndizi sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Likizo iliyopita niliikuta na ugonjwa wa ajabu. Siku nyingine ufunguo ukizungushwa injini yaamka mara moja. Siku nyingine yasikika "tak" moja tu, kisha kimya. Basi baba mdogo alikuwa akiilaza mtelemkoni, ili asubuhi aiachie ishuke, atie gia ya pili na kuachia klachi. Kwetu mitelemko ni tele, lakini Mwanjelwa ni tambarare, na watu wa sokoni hawasukumi gari bure.

Fundi mmoja alikuwa amekwisha mwuzia betri mpya. Wa pili alisema stata imekufa. Hapo baba mdogo akaanza kutafuta mnunuzi wa mtamba wake wa pekee, ambaye bibi alikuwa amekwisha mpa jina.

"Baba mdogo," nikamwomba, "nipe siku moja tu kabla hujamwuza."

"Haya, mwana fizikia. Lakini usiniunguzie gari."

Nikaazima mita ya umeme kwa jirani atengenezaye redio. Betri ilikuwa na volti 12.6, haina kosa. Tukaweka gia huru na breki ya mkono, tukawasha taa kubwa, naye akazungusha ufunguo mara kwa mara. Mara ya tano pikapu ikagoma, na taa zikafifia kama mshumaa. Nilifurahi mno! Ugonjwa ujao na kwenda hautibiki mpaka uje. Kama swichi ingalikuwa mbovu, taa zisingalififia, kwani stata isingaliomba umeme. Nayo betri, nilipoipima wakati ule ule, volti zake hazikushuka sana. Kumbe umeme ulikuwa ukikwama njiani.

Nikagusa ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi. Ufunguo ulipozungushwa, mita ikasoma volti 7, mahali ambapo haifai kuzidi nusu volti.

Wenzangu wa kidato cha tatu wataelewa sababu. Stata yaweza kutaka ampea 150. Kizuizi cha omu 0.02 tu chaipokonya volti 3. Taa zinazotumia ampea chache hazihisi kitu, ndiyo maana mafundi walidanganyika.

Tukafungua waya wa hasi kwenye betri, kisha bolti inayoufunga kwenye bodi, iliyojificha chini ya betri. Ilikuwa imejaa kutu na unga mweupe. Tukaisugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, tukaosha kwa maji moto yenye magadi, tukakausha, tukakaza na kupaka grisi. Mita ikasoma 0.2. Baba mdogo akazungusha ufunguo mara ishirini, na mara zote ishirini injini ikaitika.

Gharama yetu ilikuwa karatasi moja ya msasa. Jioni alipofika mnunuzi kumtazama mtamba, bibi ndiye aliyemwambia arudi kwao.