LANDROVER YA BABA MKWE (Sehemu ya 4)

Sehemu ya 3 niliishia pale nahamia kwa wakwe hapa Tunduma, na wengi mkauliza lile gari la kijani nyuma yangu kwenye picha ni la nini. Leo nawajibu. Mwenye mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea naomba asome yote.

Lile ni Landrover 109 Series III, ya petroli. Waingereza walianza kuunda Landrover mwaka 1948, na hizi Series III zilitoka kati ya 1971 na 1985, kwa hiyo gari letu limenizidi umri, na mimi siyo binti tena. Baba mkwe alibebea abiria na magunia ya mpunga kutoka Kamsamba, enzi ambazo mvua zikianza magari mengine yanabaki huku juu. Ndilo lililosomesha watoto wake wote, mume wangu akiwemo. Alipofariki, Baba Watoto akarithi gari, sanduku la spana na fundi mzee aliyekuja na hilo gari kama vile ni sehemu ya injini.

Wakati ule mimi sikulipenda, nasema ukweli. Bodi yake ni aluminiamu, haili kutu, lakini chasisi ni chuma na kutu inaila kila masika. Chini linavuja oil muda wote. Fundi anasema ukiona haivuji ujue imeisha. Leo rejeta, kesho bushi, keshokutwa platini zimeungua. Spea nyingine tunaagiza Mbeya, kama kilomita 100, nyingine Baba Watoto anavuka Nakonde anarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti, anakifungua mezani taratibu kama anafungua keki. Mimi nilikuwa na daftari langu naandika kila shilingi inayoingia kwenye lile gari, na pembeni naandika ingenunua nini. Kuna mwezi liliandikwa "kitanda cha mtoto" mara mbili.

Oktoba 2024 watu wa Landrover walipokusanyika Arusha kwenye tamasha lao, akakaa na simu usiku kucha anaangalia video. Eti mwakani na sisi twende. Nikamwambia Arusha tutafika, ila Watanzania wote wa njiani watakuwa wamesukuma.

Sasa tatizo lenyewe. Pampu ya mafuta ilikuwa imechoka, diaframu yake imepasuka. Gari likilala siku mbili tatu, petroli haifiki kwenye kabureta. Dawa ya fundi ni kufungua boneti, kumimina petroli kidogo kwenye mdomo wa kabureta, halafu unapiga stata. Linakohoa, linatoa moshi, linawaka. Wenyewe wanaita "kulipa chai". Hiyo chai ilikuwa inakaa kwenye chupa ya soda ya nusu lita.

Siku hiyo ni Jumamosi, nimetoka zamu ya usiku. Fundi amemaliza kumimina, bado imebaki robo chupa. Akanipa mkononi, "Shika hii dada, nifunge boneti." Nikashika. Hapo hapo nikasikia uji unamwagika jikoni. Nikakimbia, chupa nikaiweka chini kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, nikazima moto, nikaanza kufuta jiko. Dakika mbili. Tatu labda.

Nikasikia kikohozi.

Mdogo wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi nane. Amekaa kwenye ngazi, chupa mikononi, fulana yote imelowa, anakohoa macho yametoka. Kwake ile ilikuwa soda. Chupa ya soda ina nini? Ina soda.

Jamani, mimi ndiye ninayesimama kliniki kuwaambia wamama wasiweke mafuta ya taa kwenye chupa za maji. Nimesema maneno hayo mpaka nimeyakariri. Na ile chupa niliiweka mimi, siyo fundi, siyo Baba Watoto.

Mama mkwe akaja mbio na kikombe cha maziwa, kidole tayari amtapishe. Nikampigia magoti pale pale kwenye petroli, "Mama, naomba usimtapishe. Naomba tusimpe maziwa." Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Kwao sumu dawa yake maziwa, na ninajua nyumba nyingi ziko hivyo. Lakini petroli na mafuta ya taa hatari yake kubwa ni kwenye mapafu. Ni nyepesi mno, ikipita kooni mara ya pili wakati wa kutapika inaingia kifuani kirahisi na kuyaunguza mapafu. Maziwa yanaweza kumtapisha pia. Kwa hiyo hatumtapishi na hatumlazimishi kunywa chochote. Nilimvua nguo zote zilizolowa, nikamwosha ngozi kwa maji na sabuni haraka, nikamfunga kanga, tukatoka.

Baba Watoto ameshaingia kwenye gari. Anapiga stata, linazunguka tu. Anapiga tena. Petroli ya kuliwashia ilikuwa kwenye fulana ya mtoto.

Nilipanda bodaboda ya jirani. Foleni ya malori ya mpakani siku hiyo ilikuwa imejaa barabara, tukapita katikati ya matela, mimi nimeweka sikio kwenye kifua cha mtoto nasikiliza anavyohema. Nilikuwa nahesabu. Ukishakuwa nesi huwezi kuacha kuhesabu, hata ukitaka.

Alipumua haraka, akawekewa oksijeni. Dalili za kifua zinaweza kuchelewa saa kadhaa, ndiyo maana hata mtoto anayeonekana mzima anatakiwa aangaliwe hospitali angalau saa 6. Wetu tulilala naye siku mbili. Mama mkwe alikuja na chai, akakaa pembeni yangu, hakusema kitu kuhusu maziwa. Akanishika mkono tu.

Tuliporudi, Baba Watoto alikuwa ameshaongea na wanunuzi wa vyuma chakavu. Alisema atauza hata kwa kilo. Mimi nikakataa, na mpaka leo wifi zangu hawaelewi kwa nini. Nilimwambia gari halikuweka chupa pale chini. Nikatoa hela yangu ya kitanda, tukanunua pampu nzima. Siku hizi linawaka lenyewe asubuhi, petroli ya akiba iko kwenye kidumu cha chuma, stoo, juu, na kufuli. Maji ya betri na mafuta ya breki vivyo hivyo. Fundi akija na chupa ya soda namrudisha getini, na hanuni.

Mtoto amefikisha miaka mitatu mwezi uliopita. Ukimpa soda, anainusa kwanza.

Sehemu ya 5 nitawaletea Jumatano, niko zamu mpaka hapo.