Kumtafuta Babu Katika Vitabu vya Misioni

Ukienda Bagamoyo usiishie pwani kutazama majahazi. Fuata njia ya miembe mpaka misioni ya zamani, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Wageni huonyeshwa mnara wa kanisa la kale, ambamo maiti ya Livingstone ililazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Ni vema. Lakini Livingstone amekwisha kuandikiwa vitabu tele. Mimi nakuomba uwafikirie wale wengine: waliokombolewa utumwani, wakakaa katika kijiji cha misioni, wakaoana, wakalima. Huenda mmoja wao ni babu wa babu yako.

Usiseme, "Sisi watu wa Morogoro, Bagamoyo hatuna ndugu." Misioni za bara zilitoka huko: Mhonda mwaka 1877, Mandera 1881, Morogoro 1882. Mapadre hawakwenda peke yao; walifuatana na Wakristo wa Bagamoyo, mume na mke, wakaanza nao kijiji kipya.

Mimi ni karani wa parokia, na vitabu ndiyo kazi yangu, basi nikueleze njia. Anza na cheti chako cha ubatizo, kinachotaja wazazi wako. Kisha uliza kitabu cha ndoa yao, uone kila mmoja alibatizwa wapi. Nenda huko, ufanye vivyo hivyo kwa wazazi wao. Parokia yenu ikiwa changa, rudi kwenye parokia mama, maana kuzaliwa kwa parokia mpya hakuhamishi vitabu vya zamani.

Kitabu cha zamani kimeandikwa Kilatini. Yosefu wako ni Josephus, Ludoviko ni Ludovicus. Tena mwandishi alikuwa Mfaransa, akaandika kama sikio lake lilivyozoea: Ukami ni Oukami, Uzigua ni Ouzigoua. Kwa hiyo soma kwa sauti. Mara nyingi sikio hulitambua jina ambalo jicho limelipita.

Utakachopata ni mstari mmoja au miwili: tarehe, jina, umri wa kukisia, msimamizi, sahihi ya padre. Na kwa mtoto aliyenunuliwa sokoni, mahali pa wazazi unaweza kukuta kwamba hawajulikani. Neno hilo ni zito. Mtoto yule alikuwa na mama, na mama alimwita kwa jina ambalo padre hakuliandika, ama mtoto mwenyewe hakuthubutu kulitaja mbele ya wageni. Hapo karatasi imekwisha, wala karani hawezi kukusaidia zaidi. Jina hilo, kama lingaliko, liko kwa wazee: pengine ndilo alilorithishwa mjomba wako, nanyi mnadhani ni la mzaha tu.

Basi kabla ya kupanda gari, kaa na bibi jioni mbili tatu. Muulize majina ya nyumbani, ukoo, na walikozikwa watu. Andika yote, hata yanayopingana. Chukua barua ya paroko wako, kalamu na daftari, maana kitabu hakitoki ofisini. Wala usije Jumapili baada ya Misa; saa hiyo karani anahesabu sadaka, hata babu yake mwenyewe hamtambui.