Radio ya Mama, Radio ya Nyota

Kwetu Kabambare, mtu akiumwa kifua kwa muda mrefu huambiwa aende Kasongo kupigwa radio. Si ile ya kusikiliza habari. Ni picha ya ndani ya mwili, jina tulilolichukua katika Kifaransa. Basi nilipopewa zoezi la kutafsiri makala juu ya Cygnus X-1, kila palipotajwa eksirei niliandika "radio" bila wasiwasi. Mwalimu alinirudishia karatasi imejaa wino mwekundu. "Aya ya tatu," akasema, "radio imeshindwa, kisha radio imeisaidia. Radio gani?"

Ilinibidi nijifunze kisa chenyewe. Eksirei za nyota huishia katika hewa ya juu, hazifiki kwetu chini. Kwa hiyo tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru, nayo ikaitwa Uhuru. (Si mara nyingi mwanafunzi wa Kiswahili hupata la kujivunia katika fizikia.) Ila jicho la Uhuru halikuwa kali. Liliweza kusema kuna kitu pande zile, na pande zile zina nyota tele. Mwaka 1971 mawimbi ya radio, radio ya kweli sasa, yakaanza kunaswa kutoka huko, na mitambo ya ardhini ikaonyesha mahali penyewe: pana nyota ya buluu, HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, wakachunguza mwanga wake. Wakakuta inazungukana, kila siku 5.6, na mwenzake asiyeonekana, mzito mno kuwa nyota iliyokufa ya kawaida. Leo anahesabiwa kuwa shimo jeusi.

Hapo nikamkumbuka mama. Tulimpeleka Kasongo kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva asianguke. Daktari aliinua picha dirishani akatuonyesha wingu juu ya pafu la kulia. Mjomba akauliza, "Ni nini, Dokta?" Akajibu, "Kitu kipo. Jina lake picha haisemi." Walipopima makohozi ndipo likapatikana: kifua kikuu. Alikunywa dawa miezi 6, akapona.

Zoezi nimelirekebisha, eksirei ni eksirei, na Mwalimu ana haki. Lakini bado namwonea huruma mgonjwa wa Kabambare atakayepewa karatasi yenye neno hilo na asijue aende chumba gani.

Juzi nilimsimulia mama habari hii kwenye simu. Akanyamaza kidogo. "Na ile nyota," akauliza, "makohozi yake waliyapata wapi?"

Nikamwambia: katika mwanga wake, mama.