Barua kutoka Lexington: Bei Nne za Sabuni Moja

Jumatano asubuhi, kabla watoto hawajapanda basi la shule, simu za akina mama wanaosema Kiswahili mjini Lexington, Kentucky, huanza kulia. Ni ujumbe wa sauti: mapaja ya kuku yameshuka bei, sabuni ya kufulia ina ofa, nepi subirini wiki ijayo. Katika supamaketi nyingi za hapa bei za ofa huanza Jumatano na kwisha Jumanne inayofuata, na anayepata habari mapema ndiye anayekuta bidhaa bado ipo rafuni.

Lexington ni mji wa pili kwa ukubwa katika jimbo la Kentucky, nao hujulikana duniani kwa farasi wa mbio. Kiswahili husikika madukani, makanisani na kwenye mabasi ya shule. Wasemaji wake wengi wametoka Kongo, hasa pande za Kivu, na kabla ya kufika huku walipitia makambi ya wakimbizi ya Tanzania, Burundi au Uganda. Wapo pia Wakenya na Watanzania waliofuata masomo au kazi. Wote hukutana mbele ya rafu zilezile, na wote hugundua jambo moja ambalo halikuwa kwenye hesabu zao za safari: Marekani bei ya kitu dukani si moja.

Chukua chupa kubwa ya sabuni ya maji ya kufulia. Kibandiko kilicho chini yake kina bei ya kawaida kwa maandishi madogo. Juu yake, kwa tarakimu nene, kuna bei ya mwenye kadi ya duka. Pembeni kuna ya tatu, ya mtu aliyechagua kuponi kwenye simu. Wakati mwingine ipo hata ya nne, ya anayenunua vitu vitano kwa mpigo. Sabuni ni ileile na chupa ni ileile. Katika soko la Uvira, mashariki mwa Kongo, au Kariakoo, Dar es Salaam, mnunuzi hubishana na muuzaji ana kwa ana mpaka wakubaliane. Huku hakuna wa kubishana naye, kwa sababu ubishi umekwisha kabla mtu hajatoka nyumbani. Asiyejua hivyo hulipa bei ya juu, tena bila kusikia maumivu yoyote, maana hajui kwamba bei ya chini ilikuwapo.

Mtindo wa kuponi ni wa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1880 mfanyabiashara Asa Candler wa Atlanta alianza kugawa karatasi zilizompa mtu glasi moja ya Coca-Cola bure. Watu wakaonja, wakarudi na pesa zao. Viwanda vingine vikaiga, na baadaye, kwa miongo mingi, Wamarekani walikaa mezani siku ya Jumapili na mkasi, wakikata kuponi kutoka kurasa za matangazo zilizokuja ndani ya gazeti. Kuponi za karatasi bado zipo. Ukizisoma kwa makini utaona nyingi zimeandikwa kwa herufi ndogo kwamba thamani yake ya fedha ni sehemu moja ya mia ya senti, yaani nje ya duka ni karatasi tu.

Anayetaka kufaidika lazima atofautishe aina mbili. Kuponi ya kiwanda hutolewa na mtengenezaji, na duka likishaipokea humdai yeye fedha hizo. Kuponi ya duka ni punguzo la duka lenyewe. Maduka mengi huruhusu zote mbili kwenye bidhaa moja, na hapo ndipo akiba inapopatikana. Tuseme sabuni ni dola 12, ofa ya wiki imeishusha hadi 9 kwa wenye kadi, duka lina kuponi ya dola 1 na kiwanda kina ya dola 2. Mtu anatoka nayo kwa dola 6. Aliye nyuma yake kwenye foleni, bila kadi wala kuponi, anailipia 12.

Siku hizi mkasi umehamia kwenye simu, na umekuja na shida yake. Hivi karibuni mama mmoja mwenye asili ya Uvira alisimama mbele ya mashine ya kujilipia akiitazama skrini kwa hasira. Rafuni aliona bei moja, skrini inamdai nyingine.

"Mama, hukuibofya," binti yake alimwambia.

"Kubofya nini tena?"

"Kuponi, mama. Iko kwenye programu ya duka. Lazima uibofye kabla ya kulipa."

Programu ni ya Kiingereza, maandishi ni madogo, na anayejua kuitumia ni mtoto wa darasa la saba ambaye kwa kawaida hayupo dukani. Shida hii si ya wageni peke yao. Wazee wa Kimarekani wasio na simu za kisasa wamelalamika vilevile, na mwaka 2025 Baraza la Jiji la San Diego, California, lilipitisha sheria inayoyataka maduka ya vyakula yawape punguzo hilohilo wateja wasiotumia kuponi za simu. Kentucky ni mbali na San Diego. Kwa hiyo binti huendelea kubofya.

Sasa uje ukweli ambao matangazo hayausemi. Kuponi nyingi hazihusu chakula kinachopikwa katika nyumba ya Waswahili. Zipo kwa nafaka za sukari za asubuhi, piza za friza, biskuti, vinywaji, dawa ya meno, nepi na sabuni. Kuponi ya maharage makavu ni adimu. Ya mchicha haipo, ya dagaa haipo, ya sombe, yaani kisamvu, ndiyo kabisa usiiulize. Kiwanda hutoa kuponi kwa bidhaa yenye jina la kulinda, na maharage ya kupimwa hayana jina. Familia inayofuata kuponi kwa uaminifu itajikuta na kabati lililojaa biskuti, na bado haijapata cha kupika jioni.

Ndiyo maana akina mama wajanja wa Lexington wamegawa kazi. Kuponi ni ya vitu visivyoliwa. Hesabu hii ina uzito zaidi kwa familia zinazopata SNAP, msaada wa chakula wa serikali kuu. Katika mwaka wa fedha 2025 kiwango cha juu kwa nyumba ya watu wanne katika majimbo mengi kilikuwa dola 975 kwa mwezi, lakini kadi ya msaada huo hainunui sabuni, nepi wala karatasi za msalani. Vitu hivyo hulipwa kwa mshahara, na ofa na kuponi zinapookoa dola 6 kwenye sabuni, huwa zimeokoa dola za mshahara wenyewe.

Chakula kina mbinu zake. Ya kwanza ni kusoma bei kwa aunsi, tarakimu ndogo iliyo kwenye pembe ya kibandiko. Aunsi ya uzito ni kama gramu 28. Chupa kubwa ya mafuta kwa kawaida huwa nafuu kwa aunsi kuliko ndogo, lakini wiki ya ofa mambo hugeuka: chupa mbili ndogo zikaishinda moja kubwa. Bila kutazama tarakimu hiyo, macho hudanganywa na ukubwa wa chupa.

Ya pili ni kununua wasichokipenda wenyeji. Wamarekani hupenda kidari cha kuku, kwa hiyo mapaja hufungwa kwenye mifuko ya ratili 10, karibu kilo nne na nusu, na kuuzwa kwa bei ya chini sana. Kwa mpishi wa mchuzi wa nazi hiyo ni bahati tupu. Sukuma wiki nayo ipo tele, kwani watu wa Kusini mwa Marekani huila tangu zamani.

Ya tatu ni chapa za duka. Aldi, kampuni ya Kijerumani iliyofungua duka lake la kwanza Marekani mwaka 1976 katika jimbo la Iowa, huuza bidhaa ambazo zaidi ya asilimia 90 ni za chapa zake. Haipokei kuponi za viwanda. Toroli hufunguliwa kwa sarafu ya senti 25, ambayo mtu huipata akilirudisha, na mifuko kila mtu huja na yake. Kwa chumvi, sukari, mchele na maziwa, mara nyingi bei yake huzishinda bei za kuponi kwingineko. Costco, duka la wanachama linalouza vitu kwa wingi, ni kinyume: uanachama wa kawaida ni dola 65 kwa mwaka, na ingawa kuku wake wa kuokwa kwa dola 4.99 ana sifa nchi nzima, mtu wa chumba kimoja hafaidiki na gunia la vitunguu. Ndiyo maana wengine humtuma mwanachama mmoja awanunulie, wakagawana nyumbani.

Halafu kuna mtego wa unga. Kentucky ni nchi ya mkate wa mahindi, na mifuko mingi ya unga mweupe wa mahindi inayowekewa ofa hapa huwa imechanganywa na hamira ya unga pamoja na chumvi. Mgeni huuona, hufurahia bei, hununua mifuko minne, kisha jioni ugali unamvimbia sufuriani na kuwa na ladha ya keki iliyokosewa. Mfuko unaofaa kwenye orodha ya viungo una mahindi tu, au mahindi na vitamini.

Tarehe zilizopigwa kwenye pakiti pia huwagharimu wengi. Sheria ya serikali kuu haidai tarehe hizo isipokuwa kwenye maziwa ya unga ya watoto wachanga. Nyingine huwekwa na mtengenezaji kuonyesha mpaka lini bidhaa itakuwa katika ubora wake, na tambi iliyopitisha tarehe kwa wiki moja si sumu. Nyama inayokaribia tarehe yake hubandikwa punguzo, na aliye na friza huinunua asubuhi na kuigandisha siku hiyohiyo.

Akiba hii si ya kujifurahisha. Mwaka 2022 bei za vyakula vya kupikwa nyumbani nchini Marekani zilipanda kwa asilimia 11.4. Machi 2025, baada ya mafua ya ndege kuua mamilioni ya kuku, dazani ya mayai ilifika wastani wa dola 6.23. Mshahara wa ghala au wa kusafisha hoteli haukupanda kwa kasi hiyo, na ada ya shule ya mpwa aliyebaki Bukavu, Kongo, haikungoja.

Kwa jumla, basi, kuponi ina faida ya kweli, lakini mahali pake ni rafu ya sabuni. Kwenye chakula, anayesoma bei kwa aunsi na kupika mwenyewe humshinda anayekusanya kuponi mia. Na kwa wenyeji wa Lexington wanaosoma barua hii, ombi ni moja: Jumamosi mnapokwenda dukani, mchukueni jirani aliyefika mwaka huu. Mchukulieni kadi ya duka, ambayo ni bure, mwekeeni programu kwenye simu, kisha mwonyesheni namna ya kubofya kuponi kabla hajafika kwenye mashine ya kulipia.