Pima Kwanza

Mombasa, Jumanne, 4 Machi 2025
Saa nane na ushei usiku ujumbe uliingia katika kundi letu la vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza: "Dada, sukari 3.1. Natetemeka." Ni kijana wa chuo, yuko peke yake chumbani. Kabla sijajibu, wawili walikuwa wameshamwambia: nusu chupa ya soda yenye sukari, sasa hivi, upime tena baada ya dakika 15. Akatuma picha ya kipimo: 4.6. Tukamhimiza ale mkate ndipo alale.

Usiku kama huu kliniki imefungwa. Utotoni mama ndiye aliyeshika daftari la vipimo. Ukishakua unapelekwa foleni ya watu wazima, wengi wao rika la wazazi wetu, na kila mtu anakuuliza ulikula peremende ngapi. Hakuna peremende iliyotuletea haya. Kinga ya mwili yenyewe iliziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Alhamisi, 6 Machi
Dada mmoja wa Lamu ametia nia ya kufunga. Tumemwambia atangulie kwa daktari wake, kwa sababu dozi za Ramadhani hupangwa upya na hatari kwetu ni kubwa. Wengi wetu hatufungi, na mgonjwa ana ruhusa. Anayefunga hupima mchana. Kujitoboa kidole hakubatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, anafungua papo hapo, hata ikiwa adhana ya magharibi imebakisha dakika kumi.

Jumapili, 9 Machi
Mwenzetu hana friji na joto limezidi. Nimemweleza habari ya kambi ya Dagahaley, Dadaab: Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na mwaka 2021 wakatangaza kuwa ilibaki na nguvu kwa wiki nne. Kichupa anachotumia akiweke kwenye chungu cha udongo chenye ubaridi, mbali na jua, na aandike tarehe aliyokifungua. Alinijibu kwa sauti, na furaha ilisikika. Kumbe alikuwa akitupa dawa nzima.

Jumamosi, 15 Machi
Leo mtu ametangaza majani ya kuchemsha, eti sindano ziachwe. Nimefuta tangazo na kumtoa. Januari 1922, huko Toronto, Leonard Thompson wa miaka 14 alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Kabla yake, ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Sitamwacha mdogo wangu yeyote arudishwe huko.

Nimebandika haya juu ya kundi: Pima kwanza, kisha uliza. Dozi ni kati yako na daktari wako. Insulini haiachwi, hata siku ya homa. Sukari ikiwa juu, unatapika na unahema kwa nguvu, usituandikie, nenda hospitali.