Barua kwa Mpwa Wangu Mwenye Malori

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, na furaha niliyoipata kwa kusikia kuwa malori yako yameongezeka, na kwamba watu wanaotafuta riziki zao kwako sasa ni wengi hata huwajui wote kwa majina, imechanganyika na fikira. Kwani umeniandikia, tena kwa fahari, ya kuwa siku hizi malalamiko yamekwisha, na kwamba katika mkutano wa Jumamosi ukiuliza kama kuna lolote, wote hunyamaza. Kimya hicho, mwanangu, mimi sikukipenda.

Ulipokuwa na malori mawili, dereva alikuja kwako moja kwa moja, akakuambia, "Tajiri, breki za gari hili sizipendi," nawe ukaenda kuzitazama mwenyewe. Leo kati yako na dereva huyo yupo msimamizi, yupo karani, yupo fundi mkuu, na kila mmoja wao, pasipo nia mbaya, huilainisha habari kidogo kabla ya kuipeleka mbele, kwa kuwa hakuna apendaye kuwa mletaji wa shari. Hata ikikufikia wewe, breki mbovu imekuwa gari linalohitaji kutazamwa siku moja inshallah. Biashara ikikua, woga hukua nayo, usipoudhibiti mwenyewe.

Kimya cha woga kimewahi kuchangia hata msiba mkubwa. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia, ukungu ukiwa umetanda, wakafa watu 583. Na katika ajali zote za ndege hakuna iliyoua watu wengi kama hiyo. Rubani mkuu wa ndege ya Uholanzi alikuwa mtu mwenye sifa kubwa, mkufunzi wa marubani wenzake. Alipotaka kuondoka kabla ya ruhusa, msaidizi wake alimkumbusha, akajizuia. Lakini alipoanza tena kuikimbiza ndege, ilhali ruhusa yenyewe ya kuruka ilikuwa haijatoka, msaidizi hakumzuia mara ya pili. Fundi wa safari, aliyeketi nyuma yao, akauliza kama ile ndege ya Marekani ilikuwa imekwisha kutoka njiani. Rubani akamjibu kwa mkato kuwa imetoka, naye fundi hakurudia swali lake. Sababu za msiba ule zilikuwa nyingi, ukungu na mawasiliano ya redio yaliyogongana yakiwamo, walakini humo ndani walikuwamo watu waliokuwa na shaka ya haki, na yaelekea taadhima waliyokuwa nayo kwa mkubwa wao iliwafunga vinywa. Mwaka 1979 shirika la NASA la Marekani liliitisha warsha juu ya mambo haya, na tangu hapo mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha wakubwa kusikiliza na wadogo kusema, kwa mazoezi, kama wafundishwavyo kuzima moto.

Tena yuko mwanachuoni wa Harvard, Bibi Amy Edmondson, ambaye katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa hospitalini, akitaraji kuwa wauguzi wanaopatana na kuongozwa vyema wangekuwa na makosa machache. Akakuta kinyume chake, kwamba makosa yaliyoandikwa yalikuwa mengi zaidi kwao. Alipozidi kupeleleza alitambua kuwa hao hawakukosea zaidi kuliko wenzao, bali walikuwa na amani ya moyo ya kuyasema makosa, ilhali kwingine yalifichwa. Basi usijisifu kwa daftari lisilo na makosa.

Wala usidhani kuwa haya ni mambo ya Wazungu tu. Umesoma sira ulipokuwa chuoni, na umesikia kuwa kabla ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijria, Hubab bin Mundhir alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama mahali walipopiga kambi palikuwa ni kwa wahyi usiojadiliwa au ni kwa rai na mbinu za vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, alisema wazi kuwa mahali hapo hapafai, akashauri wasogee mpaka kwenye visima vilivyo karibu na adui, na shauri lake likafuatwa. Ikiwa kiongozi wa namna ile alisikiliza, mimi na wewe tuna udhuru gani?

Sasa nije kwenye lile lililonikera zaidi katika barua yako, nalo ni kanuni yako ya kumkata dereva mshahara kwa kila taa iliyovunjika na kila tairi iliyopasuka. Wewe waona umeokoa fedha. Mimi naona umenunua uwongo. Dereva atauziba ufa kwa gundi, utingo ataambiwa asiseme, na fundi atapewa cha soda ili aandike kuwa gari ni zima. Ifute kanuni hiyo. Asemaye mwenyewe siku ile ile asikatwe hata senti. Afichaye ndiye aulizwe, na aulizwe kwa kule kuficha. Mlevi na muuza mafuta ya gari hawamo katika huruma hii, kwani hiyana si kosa la bahati mbaya, na wafanyakazi wema wenyewe huvunjika moyo wakiona wahaini wanastahiwa.

Kadhalika msimamizi wako, ambaye wamsifu kwa bidii ilhali huwatukana watu mbele ya wenzao, mwonye mara moja kwa siri, na asipojirekebisha mwondoe, hata kama ni jamaa yetu. Wala usiwe na wasikilizaji wa siri wanaokuletea maneno usiku, maana watu wakijua wanapelelezwa hawatasema neno mchana.

Na habari mbaya ikikufikia, shukuru kwanza, ndipo uulize. Uso wako katika dakika ile ndio watakaousimulia karakana nzima.

Basi nakuomba jambo moja: kabla ya lori lolote kuondoka wiki hii kwenda Tunduma, mwite dereva wake na utingo wake, uwaulize kama gari liko salama, na kama dereva amelala, na wakikuambia lisiondoke, lisiondoke, na wasipoteze ujira wao kwa kusema hivyo.

Wasalaam,
Mjomba wako akupendaye