Rangi ya Mchanga

Nanga haishiki nyasi. Hilo ndilo jambo la kwanza alilonifundisha baba mkwe wangu miaka 11 iliyopita, kabla hata hajaweza kulitamka jina langu sawasawa. Chini ya maji ya visiwa vya Ugiriki kuna posidonia, nyasi za bahari zinazokua taratibu mno, na sheria za Ulaya zinazilinda. Ukiangusha nanga juu yake, unang'oa kilichochukua miaka mingi kuota, kisha unalala juu ya nanga ambayo haijashika kitu. Kwa hiyo unatafuta mchanga. Kutoka juu ya chombo mchanga ni doa jeupe lenye kijani kwa mbali. Nyasi ni weusi. Mzee hupenda kuingia ghubani kabla ya saa kumi alasiri, maana jua likishalala maji yanakuwa kioo, na huoni la chini.

Kwetu Unguja mtu wa bahari angeanza kwa kuuliza habari za maji: ni bamvua au maji mafu? Maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na chombo kilichoelea jioni unaweza kukikuta asubuhi kimelala ubavu. Mwaka wa kwanza nilimuuliza Baba maji yanatoka saa ngapi. Alicheka mpaka akakohoa. Huku bahari haitoki. Inapungua kiganja, basi. (Namwita Baba. Wajerumani wanamwita mkwe kwa jina lake tupu, naye aliniomba nifanye hivyo, lakini ulimi wangu umekataa mpaka leo.)

Mwaka huu tulikuwa wawili. Mume wangu alibaki Hamburg kwa kazi, aje Jumamosi kwa meli ya kutoka Piraeus, tumpokee bandarini Ios. Kabla sijaondoka aliniambia neno moja tu: "Mwangalie Baba." Sikumuuliza nimwangalie nini. Mzee ana miaka 76 na mashua ni yake, ya mita 11, na tangu mkewe afariki ndiyo nyumba anayoipenda kuliko ile ya matofali.

Jumatano tuliingia Manganari, kusini kabisa mwa Ios. Ni ghuba ya mchanga iliyogawanyika vihori vitatu vinne, na kisiwa kizima kimesimama nyuma yake kuzuia meltemi, ule upepo wa kaskazini unaovuma Aegean majira ya joto kwa siku nyingi mfululizo. Mawimbi hayaingii. Upepo unaingia, tena kwa vishindo, unateremka mlimani kama mtu anayemwaga ndoo.

Desturi ya chombo chetu ni kwamba Baba anakaa omo, anachagua mahali na kuangusha nanga, na sisi tunashika usukani. Safari hii alishika usukani yeye. "Nenda mbele wewe," alisema, "ni wakati wako." Nilifurahi, sitaficha. Nikasimama omo nikinyoosha mkono kulia, kushoto, kama alivyotufundisha, kwa sababu yeye huwadharau watu wanaopigiana kelele wakitia nanga. Chombo hakikufuata mkono wangu.

"Sema kwa sauti," akaniambia. "Jua hili, mikono yako siioni."

Jua lilikuwa mgongoni kwake.

Nikasema kwa sauti. Kushoto kidogo. Nyooka. Simama. Akauliza, "Rangi gani?" Nikajibu, nyeupe. "Nyeupe mpaka wapi?" Nikamweleza: doa refu, upana wake kama mashua mbili, nyasi zinaanzia upande wa mawe. Kina kilikuwa mita 5. Ongeza mita 1 ya kimo cha omo, zidisha kwa 5, unapata mita 30 za mnyororo, lakini kwa upepo ule alitaka 40. Akarudisha nyuma polepole, akaongeza moto wa injini, nami nikaitazama nyumba moja nyeupe ufukweni ikiwa imepangana na jabali la nyuma yake. Nyumba na jabali havikuachana. Nanga imeshika. Niliogelea kuihakikisha: kilo 20 za chuma zimezama mchangani hadi shingo, na samaki wadogo tayari wamekuja kuona kulikochimbwa.

Usiku nilikuwa na simu mkononi, king'ora cha nanga kimewashwa, na ujumbe wa mume wangu haujajibiwa: "Vipi Baba?"

Saa saba hivi upepo ulikaza. Nilitoka nje, nikamkuta mzee amekaa omo gizani, kiganja juu ya mnyororo. Nikakaa kando yake. Akauchukua mkono wangu akauweka pale. Mnyororo ulikuwa unakaza na kulegea, unakaza na kulegea, kimya. "Ungekuwa unakokota," alisema, "ungesikia mtetemo, kama mkokoteni juu ya mawe." Kisha, bila mimi kumuuliza, akasema katikati pamefutika. Pembeni anaona. Akinitazama usoni anaona nywele, uso hakuna. Daktari alimwambia tangu Februari.

Nilitaka kusema kitu, akaniinulia kidole. "Sikiliza. Hao wanakokota."

Mimi sikusikia lolote. Mara nikaiona taa nyeupe ya kilele cha mlingoti, iliyokuwa mbele yetu tangu jioni, inasogea kando ikipita nyota. Ilikuwa mashua pana ya kukodi, yenye mbavu mbili, inakuja kwetu kinyumenyume na watu wake wamelala. Tulitupa mapira ya mpira ubavuni, tukapuliza honi, nikamulika tochi madirishani kwao. Mwanamume mmoja akatoka na chupi, akawasha injini, akapita kama mita 3 kutoka kwetu. Baba alikuwa amekwisha kuwasha injini yetu, mkono kwenye gia, ananiuliza: "Wapi sasa? Mbali kiasi gani?" Nami namjibu. Sauti yake haikupanda hata mara moja. Yangu ilipanda.

Hatukulala tena. Kwa mbali kusini zilionekana taa za Santorini. Nilimwambia sitamdanganya mume wangu. Akasema hakuniomba nimdanganye. Nikasema mtu asiyeona mchanga hawezi kuingia ghuba peke yake, naye kila Mei husafiri peke yake majuma matatu. Alinyamaza sana. Nilidhani amekasirika, pengine alikasirika kweli.

"Nitamwambia mimi," alisema mwishowe.

"Lini?"

"Akifika."

"Usipomwambia Jumamosi usiku, nitasema mimi, Baba."

Kulipokucha nilimjibu mume wangu kwamba tumelala Manganari, upepo ulikuwa mkali, Baba ndiye aliyetuokoa na mashua iliyokokota, na kwamba ana jambo la kuzungumza naye uso kwa uso. Nikamsomea mzee ujumbe wote kabla ya kuutuma, neno kwa neno. Aliniomba niondoe neno "aliyetuokoa". Sikuliondoa.

Tukang'oa nanga saa moja na nusu. Ilipanda na bonge la mchanga mweupe, nikalimwagia maji kwa ndoo.

"Meli yake inafika saa ngapi?" akauliza kutoka kwenye usukani.

"Saa kumi na moja jioni."

"Mbele pako wazi?"

"Wazi," nilisema kwa sauti.